Nani Alisema Elijah Masinde Ni Mwenda Wazimu?

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na habari za ujenzi wa reli. Niwieni radhi, reli itangoja. Nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa hapa mjini, na tangu niisome sijaweza kuiweka kando. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, ameambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa akili, na ugonjwa huo akatajiwa jina. Baba mtu hataki kusikia. Shangazi zake wanasema ni mkono wa majirani. Binti mwenyewe anasema daktari huyo hakukaa naye hata nusu saa, kwa hivyo hawezi kumpa jina la kubeba maisha yake yote. Mama anauliza hivi: "Wewe unayetusimulia mambo ya kale kila juma, zamani daktari akisema mtu ni mgonjwa wa akili, na mtu mwenyewe akakataa, nani alikuwa akionekana mkweli baadaye?"

Mama, nitakujibu. Ila nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu hapa redioni, na kwa sababu swali lako limewahi kuingia nyumbani kwetu.

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma. Mtoto wa rika langu aliyekulia upande ule wa Mlima Elgon alilisikia jina la Elijah Masinde kabla hajajua kusoma. Babu yangu alilitaja kwa sauti ya chini huku akitazama mlango, ijapokuwa wakoloni walikuwa wamekwisha kwenda zao. Alikuwa na sababu. Dini ya Masinde ilipigwa marufuku mara mbili: kwanza na serikali ya mkoloni mwaka 1948, na tena na serikali yetu wenyewe mwaka 1968.

Masinde alizaliwa Kimilili yapata mwaka 1910. Ujanani alikuwa mwanakandanda hodari, akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Alifanya kazi katika mahakama ya wenyeji, kazi ya kupeleka hati za kuwaita watu shaurini. Alikuwa muumini wa Kanisa la Friends, akatengwa alipooa mke wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 akaanzisha Dini ya Msambwa, akawahimiza Wabukusu warudi kwa Wele, Mungu wa wazee wao, na waikumbuke mizimu ya jamii yao. Kama angeishia hapo, huenda maafisa wa serikali wangemcheka tu. Lakini Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, serikali ilitaka watu wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na Masinde akasema kazi ya shuruti ikataliwe. Akasema pia kwamba Wazungu warudi kwao. Akagombana na watumishi wa chifu waliokuja na amri hizo.

Mwaka 1945 alikamatwa. Hapa naomba twende polepole. Masinde hakuishia jela kama waishiavyo wakaidi wengine. Ilisemwa kwamba hana akili timamu, akapelekwa Nairobi, katika hospitali ya Mathari, akakaa huko hadi mwaka 1947.

Tafakari faida ya jambo hilo kwa waliotawala. Mtu akishtakiwa kwa uchochezi, lazima maneno yake yasomwe mahakamani, na mtu mwingine ayajibu: je, ni kweli kazi hiyo ni ya shuruti? Je, mashamba hayo yalikuwa ya nani? Lakini mtu akiandikwa kwamba ni mwenda wazimu, maneno yake hayahitaji kujibiwa tena. Yamekuwa dalili. Kadiri anavyoyarudia ndivyo daktari anavyopata ushahidi zaidi wa ugonjwa.

Alipoachiliwa mwaka 1947, Masinde aliwaongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, mahali ambapo Waingereza waliwaua Wabukusu wengi mwaka 1895, wakawakumbuka wafu wao. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo pale Malakisi, watu 11 wakafa. Masinde mwenyewe akakamatwa tena, na safari hii hakupelekwa Mathari. Alipelekwa Lamu kuwekwa kizuizini kama adui wa serikali, na hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Sasa mimi nauliza: mwaka 1945 alikuwa mgonjwa asiyejua asemalo, mwaka 1948 akawa mtu hatari anayejua barabara asemalo. Ule ugonjwa ulikwenda wapi?

Babu alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anakohoa.

Wakazi wengi wa Nairobi huiona Mathari wakiwa ndani ya matatu kwenye Barabara ya Thika, na mtu akisema jambo la ajabu wenzake humwambia kwamba gari lake limempita pale. Mwanzoni palikuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1910 pakafanywa makazi ya wenda wazimu, na mwaka 1924 pakapewa jina la Mathari. Wagonjwa Wazungu na wagonjwa Waafrika hawakuwekwa pamoja. Hilo halihitaji maelezo kwa anayeijua Kenya ya siku zile. Waafrika wengi hawakuja pale kwa miguu yao wala kuletwa na jamaa zao. Waliletwa na polisi kwa amri ya hakimu.

Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 msimamizi wa Mathari alikuwa Dakta John Colin Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekuja Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali. Alipokabidhiwa hospitali hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Simsemi vibaya kwa hilo. Serikali ilimpa kazi, akaifanya, na baadaye akaenda Uingereza kusoma. Nasema tu kwamba huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa hospitali wakati Masinde alipofungiwa humo.

Carothers alikuwa mtu wa hesabu. Alichukua idadi ya Waafrika waliolazwa Mathari, akailinganisha na idadi ya Waafrika wote wa Kenya, akahitimisha kwamba Mwafrika kwa nadra sana hupatwa na wazimu, na kwamba ule ugonjwa wa huzuni nzito, ambao siku hizi wengine huuita sonona, kwake karibu haupo. Kugawanya kwake kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa mlangoni. Aliyeingia Mathari ni yule aliyetupa mawe, aliyechoma nyumba, au aliyepita uchi katika shamba la mlowezi. Mjane aliyekaa gizani miezi mitatu bila kula wala kusema hakuvunja sheria yoyote, kwa hivyo hakuna askari aliyemfuata. Hakuhesabiwa. Na kwa kuwa hakuhesabiwa, ikaandikwa kwamba hayupo.

Wako waliomtangulia katika njia hiyo. Mwaka 1934 daktari mwingine wa Nairobi, F. W. Vint, alichapisha makala kuhusu ubongo wa mwenyeji wa Kenya, baada ya kuwapima maiti, akidai kwamba ubongo huo ni duni kuliko wa Mzungu. Carothers hakupima maiti, lakini alifika karibu na pale pale. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Siku hizo upasuaji huo ulikuwa ukifanyiwa wagonjwa wa akili huko Ulaya na Marekani. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, kikasambaa ulimwenguni kama elimu. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikamwita aje aeleze Mau Mau ni nini. Akaandika kijitabu kilichosema kwamba kiini cha mambo ni akili za watu walio njia panda, walioacha ya kale na hawajayashika mapya. Akaunga mkono watu wakusanywe vijijini. Sisemi kwamba kijitabu hicho ndicho kilichojenga vijiji vile vilivyozungushiwa mahandaki. Maafisa walikuwa wamekwisha kuamua wenyewe. Lakini watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu, na kijitabu kilikuwepo cha kusema kwamba hayo ni tiba.

Wasije wasikilizaji wakadhani kwamba ujanja huu ulizaliwa Kenya. Mwaka 1851, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, daktari aitwaye Samuel Cartwright alitangaza kwamba amegundua ugonjwa mpya unaowapata watumwa. Aliupa jina refu la Kigiriki, drapetomania, na dalili yake ilikuwa moja: mtumwa hutoroka. Dawa mojawapo ilikuwa viboko. Na nchi ya Urusi, iliyojisifu kwa kuwapinga mabeberu, mwaka 1970 ilimfungia hospitali ya wagonjwa wa akili mwanasayansi Zhores Medvedev, ambaye kosa lake lilikuwa kuandika mambo yasiyopendwa na wakubwa. Wenzake wa nchini na wa nje walipiga kelele, akatolewa baada ya siku 19.

Habari hizi nimezipenda tangu ujana wangu. Nimezisimulia shuleni, kwenye mabaraza, hata matangani. Nilizipenda kwa kuwa zina adui anayejulikana na mtu wetu anayeonewa. Na kwa sababu nilizipenda mno, siku moja nilizisimulia mahali pasipofaa.

Mdogo wangu ni mwalimu wa hesabu. Nimemwomba ruhusa nizungumze habari hii, akanipa kwa sharti nitakalolitaja mwishoni. Mwaka 2006 aliacha kulala. Sikusema alikosa usingizi, hakuutaka. Usiku kucha aliandika barua kwa waziri, kwa maaskofu, kwa mabalozi, kuhusu mpango wa kuteremsha maji kutoka Mlima Elgon hadi kila boma la wilaya. Michoro yake ilikuwa mizuri, na nasema hivyo bila mzaha, kwani mhandisi mmoja aliiona akashangaa. Alinunua mabomba kwa mshahara wake wote, kisha kwa mkopo wa chama cha akiba cha walimu. Alizungumza mbio mbio mpaka mkewe akawa anamshika mdomo kwa mkono, kwa upole, ili watoto wapate kulala.

Walimpeleka hospitali moja, ambayo sitaitaja. Daktari alimtazama kwa muda ambao mke wake anasema chai isingepoa. Hakumuuliza mke lolote. Hakumuuliza mama yetu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje. Aliandika neno katika karatasi, akaagiza sindano. Mdogo wangu, akiwa mwalimu, akauliza, "Daktari, umeandika nini hapo?" Akajibiwa kwamba atumie dawa, hayo mengine hayamhusu. Neno lilikuwa skizofrenia. Alilijua baadaye, kwa kuisoma karatasi akiwa ndani ya matatu.

Sindano ilimtuliza, lakini ilimkaza shingo. Mikono ikawa inatetemeka, ulimi ukawa mzito. Alirudi darasani, chaki ikamwanguka mbele ya watoto, wakacheka. Akaja kwangu Nairobi. Tulikaa sebuleni usiku, naye akaniuliza: "Kaka, mtu anaweza kuniandika hivi bila kunijua?"

Nami, wasikilizaji, nilifurahi. Naona haya kulisema. Nilifurahi kwa kuwa swali hilo nilikuwa na jibu lake tayari. Nikamsimulia Masinde tangu kandanda mpaka Lamu. Nikamsimulia Carothers na hesabu zake, na Cartwright na viboko vyake. Nikasema vizuri, kama nisemavyo hapa. Aliniskiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mimi ni Masinde." Tukacheka wote wawili.

Aliacha dawa juma hilo hilo. Mwanzoni nilijiona nimemwokoa: shingo ililegea, mikono ikatulia, akafundisha vizuri kwa muhula mmoja. Kisha usingizi ukaondoka tena, na asubuhi moja akaondoka yeye. Tulimtafuta kwa miezi mitano. Mama alilala na taa ikiwaka usiku wote, mlango haukutiwa komeo. Alipatikana Malaba, kwenye maegesho ya malori, miguu ina vidonda, amebeba mfuko wa nailoni wenye ile michoro ya maji. Madereva walikuwa wakimpa chakula na kumwita "Injinia".

Hapo ndipo nilipolazimika kuisoma upya historia yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshika nusu yake. Nusu ya pili ilikuwa katika vitabu hivyo hivyo nilivyokuwa navyo nyumbani, lakini sikuwa nimeitilia maanani kwa sababu haina adui wa kuzomewa.

Waafrika waliompinga Carothers hawakusema kwamba hakuna ugonjwa wa akili. Walisema upo, na kwamba yeye hakuuona. Thomas Adeoye Lambo, Mnijeria aliyesomea udaktari Uingereza, alianza kazi pale Aro, karibu na Abeokuta, mwaka 1954, mwaka ule ule wa kijitabu cha Mau Mau. Aliwapangisha wagonjwa katika vijiji vya jirani, kila mmoja na jamaa yake wa kumpikia na kumwangalia, akawaita waganga wa jadi wakae naye na kumweleza wanavyoyaona maradhi hayo. Lakini dawa za hospitali aliwapa, tena bila kusita. Baadaye, kuanzia mwaka 1973, Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lile lile lililokuwa limechapisha kitabu cha Carothers. Habari hiyo hunifurahisha kila ninapoikumbuka.

Kisha kuna vijiji viwili vya Uganda. Katika miaka ya 1970 daktari John Orley hakungoja watu waletwe na polisi. Alikwenda kwa wanavijiji wenyewe, wakaulizwa maswali kwa utaratibu. Matokeo aliyoyachapisha pamoja na John Wing mwaka 1979 yalionyesha kwamba ile huzuni nzito ilikuwa nyingi zaidi kwa wanawake wa vijiji vile kuliko kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London waliolinganishwa nao. Yule mjane wa gizani alikuwepo siku zote. Miaka yote ile alikosa dawa na alikosa mtu wa kumwambia kwamba anachougua kina jina, kwa sababu Carothers alikuwa amesema kwamba mtu kama yeye haugui hivyo.

Na uchunguzi mkubwa wa nchi tisa, ulioendeshwa na Shirika la Afya Duniani na ripoti yake kutolewa mwaka 1973, ulikuta skizofrenia Ibadan kama ilivyokutwa London na Moscow. Wagonjwa walipofuatiliwa baada ya miaka miwili, wale wa Ibadan na wale wa Agra, India, walionekana kupata nafuu zaidi kuliko wenzao wa nchi tajiri. Wataalamu wanabishana mpaka leo juu ya sababu. Mimi hufikiri habari ya yule jamaa wa kupika na kuangalia haiko mbali, lakini hilo ni langu.

Kwa hivyo Carothers alimtazama mgonjwa, akaona "Mwafrika". Mimi nilimtazama mdogo wangu, nikamwona Masinde. Hakuna kati yetu aliyemuuliza mtu mwenyewe amelala saa ngapi.

Tulipomtoa Malaba tulimpeleka kwa daktari mwingine, hospitali nyingine. Alikuwa mama wa makamo. Siku ya kwanza alikaa naye zaidi ya saa nzima. Siku ya pili alimwita mkewe, kisha mama yetu, akauliza mambo ambayo sikuyatarajia: Kabla ya kuacha kulala, je, kuna wakati alipata kulala kupita kiasi? Mama akakumbuka mwaka ambao mdogo wangu, akiwa chuo cha ualimu, alirudi nyumbani akajifungia majuma mengi, nasi tukadhani ni mapenzi yamemvunja moyo. Je, kuna mwingine katika ukoo? Mama akanyamaza, kisha akamtaja kaka yake, mjomba wetu, aliyekuwa na majira ya kuchinja ng'ombe na kuwaalika watu wasiomjua, na majira ya kukaa chini ya mwembe bila kumjibu mtu. Kwetu hayo yaliitwa tabia yake.

Baada ya hapo daktari alimwambia mdogo wangu, sote tukisikia: "Mwalimu, mwenzangu alikosea jina. Lakini hakukosea aliposema kwamba unaumwa."

Akamweleza kwamba maradhi yake ni yale ya kupanda na kushuka, ambayo wataalamu huyaita baipola, na kwamba katikati mtu huwa mzima kabisa. Akambadilishia dawa, akampa lithiamu. Kwa wale wapendao historia, lithiamu ni aina ya chumvi, na aliyeonyesha kwamba hutuliza ugonjwa huo ni daktari wa Australia, John Cade, mwaka 1949. Mtu hupimwa damu mara kwa mara, kwani kipimo kikipungua haisaidii na kikizidi ni sumu. Mdogo wangu aliuliza swali ambalo kwa daktari wa kwanza asingethubutu: "Na wewe utajuaje kama umekosea?" Daktari hakukasirika. Akasema watatazama pamoja kwa miezi kadhaa, watayaandika majira ya usingizi na ya moyo wake, na kama mambo hayakwenda kama alivyosema, jina litafutwa na kutafutwa jingine.

Mama, naona sasa jibu lako linanijia, ijapokuwa si lile ulilolitaka. Umeniuliza nani huonekana mkweli. Kwa Masinde, mimi nasema serikali haikuwa kweli, na hata kama angekuwa na maradhi, mashamba bado yalikuwa yamechukuliwa na kazi bado ilikuwa ya shuruti. Kwa mdogo wangu, yeye alikuwa mkweli kwamba hakusikilizwa, na daktari wa kwanza alikuwa mkweli kwamba mtu huyu anaumwa, na mimi kaka mtu sikuwa mkweli kabisa. Binti yako ana haki ya kuuliza. Tena si fadhila; Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inampa haki ya kuelezwa na kushirikishwa katika matibabu yake. Amuulize daktari: umeona nini, ungetarajia kuona nini kama ni ugonjwa mwingine, tutajuaje? Kama daktari hana muda, mtafutieni mwingine, na mwende wewe na baba mtu, mkaeleze mliyoyaona nyumbani. Lakini dawa aliyokwisha kuianza asiiache kwa sababu ya hadithi nzuri aliyoisikia redioni. Ikimsumbua, aseme inavyomsumbua, na apunguziwe au abadilishiwe na anayeijua. Na mwambie baba mtu kwamba kumwuliza daktari maswali magumu ni kazi, wakati kusema tu "hapana" ni kukimbia. Nilikimbia mimi, nikamwachia mama yangu kulala na taa.

Mdogo wangu bado anafundisha. Alianguka mara mbili tangu wakati ule, mara zote akaenda hospitali mwenyewe kwa miguu yake. Jina la ugonjwa halitumii. Husema tu "majira yangu", kama asemavyo mkulima. Daktari wake alimwuliza kama analikubali, akajibu kwamba anaikubali dawa, jina bado analipigia hesabu. Daktari akaandika hivyo hivyo katika faili.

Sharti lake lilikuwa kwamba asome maandishi haya kabla sijaja studio. Aliyasoma jana jioni, kalamu nyekundu mkononi, kama anavyosahihisha madaftari. Alisahihisha mwaka mmoja, akaniambia kwamba madereva wa Malaba hawakumwita Injinia kwa dhihaka na nisilisome kwa sauti ya dhihaka, kisha akakata sentensi moja ndefu iliyomhusu mkewe. Sikuisoma. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye reli.